Jinsi ya kupima namna bakteria anavyotumia uso wake wa nje kuingia ndani ya seli

Kuna swali linaulizwa sana na watu wanaoanza kazi ya bakteria wanaoishi ndani ya seli: nimefuta jeni ya protini fulani iliyoko juu ya bakteria, idadi ya walioingia kwenye seli imeshuka, je ndo nimepata ufunguo wa mlango? Jibu langu siku zote ni bado. Sitaki kumkatisha mtu tamaa, ila kazi hii ina mtego wake. Unachokipima ni uso wa nje wa bakteria, na karibu kila kitu unachotumia kupimia, yani antibayotiki, sabuni ya kupasulia seli, serumu, tripsini, mpaka maji ya kuoshea, nacho kinagusa uso huo huo. Ukishabadilisha uso umebadilisha pia namna vifaa vyako vinavyomwathiri huyo bakteria. Kwa hiyo nitaeleza hatua kwa mpangilio ninaoufuata mimi, na pale ambapo watu wanateleza sana nitakaa kidogo.

Usalama kwanza. Listeria na Salmonella wanahitaji maabara ya usalama ngazi ya 2, kifua kikuu ngazi ya 3, na hapo hakuna njia ya mkato. Mama mjamzito asishike Listeria kabisa, manake huyu bakteria anavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Kama unajifunza tu mbinu, anza na E. coli K-12 ya kawaida na Listeria innocua, ambao wote hawaingii kwenye seli kwa kiasi cha maana, uzoeshe mkono kwanza.

Jua anaingia kwa staili gani

Usiguse pipeti kabla hujajua hili, sababu ndo linakuambia matokeo ya kweli yatafananaje. Kuna wanaoingia kama zipu inavyofungwa. Bakteria ana protini juu yake, seli ina kipokezi juu yake, viwili vinashikana, kipokezi cha pembeni nacho kinashika, kinachofuata kinashika, mpaka utando wa seli umemfunika bakteria wote taratibu bila fujo. Listeria monocytogenes ndo mfano wa kufundishia, ana intanalini A inayoshika E-kadherini, na intanalini B inayoshika kipokezi kinachoitwa Met. Yersinia pseudotuberculosis nae ana invasini inayoshika integrini za aina ya beta 1, na inazishika kwa nguvu kuliko hata fibronektini ambayo ndo mshirika halali wa hizo integrini mwilini.

Alafu kuna wanaolazimisha. Salmonella na Shigella wana kifaa kama sindano, kinatoka juu ya uso wao kinatoboa utando wa seli na kupitisha protini zao moja kwa moja ndani. Kwa Salmonella protini kama SopE zinaziwasha Rac1 na Cdc42, ambazo ni swichi za seli yenyewe za kupanga aktini, yani nyuzi zinazoipa seli umbo na mwendo, na ndani ya dakika chache utando unafumka kama mawimbi na kumeza kila kilichopo karibu. Nasema kila kilichopo karibu nikimaanisha hivo hivo, hata bakteria mwingine asiye na uwezo wa kuingia akiwa jirani anaweza kubebwa na wimbi la mwenzake. Sasa fikiria mtu amechanganya mutanti, yani bakteria aliyefutwa jeni, na bakteria mzima ambaye jeni zake hazijaguswa kwenye kisima kimoja cha pleti ili awashindanishe, mutanti anaingia kwa mgongo wa mwenzie, mtu anaandika kwamba ile jeni haina kazi. Kwa wanaolazimisha usiwachanganye kwenye kipimo cha kuingia, kila mmoja awe na kisima chake.

Kundi la tatu ni wale ambao seli inawameza yenyewe sababu ni kazi yake, kama makrofeji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, wanavyomeza bakteria wa kifua kikuu. Hapo swali linabadilika. Kuingia sio shida, shida ni aingie kupitia mlango gani na akishaingia afanyiwe nini. Bakteria wa kifua kikuu juu yake kuna mafuta na sukari nyingi, mojawapo ni lipoarabinomanani yenye kofia ya manosi, inashikwa na kipokezi cha manosi cha makrofeji, na inachangia kuzuia kile kifuko alichomo kisikomae na kuungana na laisosomu, yani kifuko cha seli cha kumeng'enyea. Kwa hiyo ukipima idadi ya walioingia tu kwa bakteria huyu utakuwa umepima sehemu ndogo sana ya habari.

Kazi inaanza jana yake

Hapa ndo napenda watu wakae, manake uso wa bakteria haukai vile vile muda wote, unabadilika na joto, chumvi, oksijeni na umri wa kalcha, yani bakteria unaowakuza kwenye midia. Bakteria anaekutana na seli leo saa nne asubuhi amevaa kile ulichomvisha wewe jana usiku kwenye chupa.

Invasini ya Yersinia inatengenezwa kwa wingi kwenye nyuzi joto 26 hivi, ukimkuza kwenye 37 inapungua sana. Shigella ni kinyume chake, kwenye 30 jeni zake za kuingilia zinalala, kwenye 37 zinaamka. Salmonella anataka chumvi ya kutosha na oksijeni kidogo na awe mwishoni mwa ukuaji wa kasi, ndo maana watu wanaanzisha kalcha mpya kutoka kwenye ile ya usiku alafu wanaitumia baada ya kama saa tatu, ukichukua ile ya usiku moja kwa moja unapata waingiaji wachache na hutojua kwa nini. Mimi niliwahi kupoteza wiki nzima sababu inkubeta niliyoachiwa ilikuwa imesogezwa joto na mtu mwingine, mutanti na mzima wote walitoka sawa, nikabaki natafuta kosa kwenye DNA wakati kosa lilikuwa kwenye nyuzi joto. Tangu hapo naandika joto, muda, aina ya midia na OD (kiasi cha ukungu kinachokadiria wingi wa bakteria) ya kila kalcha, kila siku, hata kama ni ile ile ya jana.

Shigella ana lake la pili, jeni zake za kuingilia ziko kwenye plazmidi, yani DNA ya duara iliyo nje ya kromosomu, kubwa ya kama kilobesi 220 na huwa anaipoteza. Mkuze kwenye agari yenye rangi ya Congo red, koloni nyekundu bado anayo, koloni nyeupe ameshaipoteza, chukua nyekundu tu.

Kwa bakteria wa kifua kikuu na ndugu zake kuna mtihani mwingine. Wanagandana kuwa mabonge, kwa hiyo watu wanaweka Tween 80 kwenye midia ili wasigandane, na inasaidia kweli, ila hiyo Tween ni sabuni na inabandua lile tabaka la nje kabisa. Yani umeandaa bakteria kwa ajili ya kusoma uso wake kwa kumvua nusu ya nguo. Kama swali lako linahusu hilo tabaka la nje, mkuze bila sabuni, alafu mtenganishe taratibu kwa kupitisha kwenye sindano nyembamba au kumzungusha kwa kasi ndogo ili mabonge yazame na wewe uchukue juu.

Hakikisha protini iko juu kweli

Kompyuta ikikuambia protini ina alama ya kwenda nje usiridhike. Kuna njia mbili rahisi. Moja, chukua bakteria wazima bila kuwatoboa, wape antibodi ya hiyo protini, angalia kwenye maikroskopu, wakiwaka basi sehemu ya protini iko wazi nje. Mbili, wape bakteria hai protinesi K au tripsini kwa muda mfupi kisha pima kwa westani bloti, kipimo cha kuitambua protini kwa antibodi; protini ya juu itakatwa na kupotea, wakati protini ya ndani uliyoichagua kama kontroli lazima ibaki nzima. Ya ndani ikikatwa nayo ujue bakteria wako wamepasuka na kipimo chote hakina maana.

Inawezekana pia protini iko nje ila imefunikwa. Bakteria wa Gram hasi wana lipopolisakaridi, ile LPS, na minyororo yake mirefu ya sukari inaweza kuifunika protini fupi isifikiwe na kipokezi wala na antibodi yako. Shigella analitatua hili kwa namna inayonifurahisha sana kila nikiifikiria: anaongeza glukosi kwenye huo mnyororo, unajikunja na kuwa mfupi, sindano yake inapata kutokeza na kufika kwenye utando wa seli, huku LPS ikiendelea kumkinga. Kwa hiyo kabla hujalaumu protini, endesha LPS ya mutanti na ya mzima kwenye jeli uitie rangi ya fedha, uone kama minyororo imebaki sawa. Mara nyingi mutanti wa uso anakuwa ameharibika zaidi ya pale ulipokusudia.

Alafu angalia na aina ya bakteria uliyonayo. Listeria wengi wanaotoka kwenye vyakula wana intanalini A iliyokatika njiani, imekosa ule mkia wa kuishikilia kwenye ukuta, kwa hiyo inatoka na kuelea tu nje. Ukiwa na aina hiyo utapima intanalini A mwaka mzima bila kuona kitu. Soma mfuatano wa jeni kwanza.

Andaa seli

Panda seli siku moja kabla, kwa pleti ya visima 24 kama seli laki mbili kwa kisima inatosha kwa seli nyingi. Midia isiwe na antibayotiki kuanzia hapo, sababu penisilini iliyobaki itaua au kuharibu uso wa bakteria wako kabla hawajafika popote. Serumu ichemshwe nyuzi 56 kwa nusu saa ili komplimenti, yani protini za kinga zilizo kwenye serumu, ife, usipofanya hivo komplimenti inajipachika juu ya bakteria na anaingia kwa mlango wa komplimenti, sio kwa mlango unaousoma wewe. Ukiweza wakati wa kuambukiza tumia midia isiyo na serumu kabisa.

Tripsini unayotumia kubandua seli inakata pia vipokezi vilivyoko juu yake, kwa hiyo seli zipewe usiku mzima zivitengeneze upya. Na kwa seli kama Caco-2 zinazojipanga kama ngozi ya utumbo, umri wa pleti unabadilisha kila kitu, manake E-kadherini inakuwa imejificha kwenye maungio kati ya seli na seli. Pleti ya siku mbili na pleti ya wiki mbili sio kipimo kimoja hata kama seli ni zile zile.

Chagua pia seli za mnyama sahihi. E-kadherini ya binadamu ina prolini kwenye nafasi ya 16, ya panya ina asidi ya glutamiki, na hiyo asidi amino moja tu inatosha intanalini A isishike. Intanalini B nayo inashika Met ya panya ila haishiki ya simbilisi, wakati intanalini A inashika E-kadherini ya simbilisi vizuri tu. Yani mtu akitumia panya anaona B peke yake, akitumia simbilisi anaona A peke yake, na wote wawili wanaweza kubishana miaka wakati wako sahihi wote.

Kipimo chenyewe cha jentamisini

Wazo lake ni jepesi. Jentamisini haipenyi vizuri utando wa seli za mnyama, kwa hiyo ukiiweka inaua bakteria walioko nje na wale walioko ndani wanapona, alafu unapasua seli unawahesabu waliopona.

Osha bakteria, wapime OD, wapunguze mpaka upate idadi unayotaka. Mfano seli 200,000 na unataka bakteria 10 kwa kila seli, weka bakteria 2,000,000. Hapo hapo chukua sampuli ya ulichoweka ukapande kwenye agari, hii ndo idadi ya kuanzia na usiipuuze hata siku moja. Zungusha pleti kwenye sentrifuji dakika tano kwa nguvu ndogo ili bakteria wote watue kwenye seli kwa wakati mmoja. Hatua hii watu wanairuka na inawagharimu, sababu mutanti aliyepoteza mikia ya kuogelea anachelewa kufika kwenye seli, anaonekana hawezi kuingia, kumbe shida yake ni usafiri tu.

Weka kwenye inkubeta ya 37 yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5 kwa nusu saa mpaka saa moja. Osha mara tatu na PBS, yani maji ya chumvi ya kuoshea, yenye kalsiamu na magnesiamu, ukitumia isiyo na kalsiamu seli zitang'oka na utakuwa unazimwaga pamoja na bakteria wako. Weka jentamisini maikrogramu 50 hadi 100 kwa mililita, saa moja. Kama unataka kuendelea kuwafuatilia kwa masaa mengi zaidi, baada ya hiyo saa ishushe mpaka kama 10, manake dozi kubwa ikikaa muda mrefu inaingia polepole, hasa kwenye makrofeji ambao wanakunywa kunywa midia muda wote. Osha tena, pasua seli kwa Triton X-100 asilimia 0.1 kwa dakika tano hadi kumi, punguza mara kumi kumi, panda kwenye agari, kesho yake hesabu.

Kontroli ambazo bila hizo mimi siangalii hata grafu ya mtu: bakteria asiyeingia, kama L. innocua au E. coli K-12, akuonyeshe chini kabisa ni wapi. Seli zilizopewa sitokalasini D inayozuia aktini, idadi ikishuka sana ndo unajua ulichokuwa unahesabu ni kuingia. Na zile mbili za vifaa ambazo nimezisisitiza tangu mwanzo. Chukua mutanti na mzima bila seli yoyote, wape jentamisini ile ile, uone kama wote wanakufa sawa. Kisha wachukue tena uwaweke kwenye Triton kwa dakika zile zile uone kama wote wanapona sawa. Mutanti aliyepoteza kitu cha muhimu kwenye tabaka lake la nje mara nyingi ni dhaifu kwa sabuni, anafia kwenye hatua ya kupasua seli, na wewe unaandika kwamba hakuingia. Aliingia vizuri, umemuua wewe wakati unamtoa. Akiwa anakufa, badilisha, tumia saponini au maji matupu uone kama tofauti inabaki. Na kama umembebesha mutanti plazmidi, kagua alama yake ya usugu isije ikawa ni ya jentamisini.

Kushika sio kuingia

Hesabu ndo mahali ambapo habari inajitokeza. Pima vitu viwili tofauti: wote walioko kwenye seli kabla ya jentamisini, na walioko ndani baada yake. Kila kimoja gawanya kwa idadi ya kuanzia.

Tuseme mzima ameshika asilimia 10 na kuingia asilimia 2, yani katika watano walioshika mmoja kaingia. Mutanti wa kwanza ameshika asilimia 2 na kuingia asilimia 0.4, bado ni mmoja katika watano. Huyu amepoteza gundi, mlango wake uko salama. Mutanti wa pili ameshika asilimia 10 kama mzima ila kaingia asilimia 0.2, mmoja katika hamsini. Huyu ndo amepoteza kitu cha mlangoni. Ukipima kuingia peke yake wote wawili wanaonekana wameshuka tu na unawaweka kapu moja, wakati ni habari mbili zisizofanana.

Na umuhimu wa idadi ya kuanzia uko hivi, tuseme mzima uliweka 2,000,000 ukapata 40,000, mutanti ukapata 4,000, unasema ameshuka mara kumi. Ukiangalia pleti ya kuanzia unakuta mutanti uliweka 800,000 tu sababu OD yake inadanganya, labda anagandana au umbo lake limebadilika. Gawanya upya, 2% kwa 0.5%, kashuka mara nne. Mutanti wa uso na OD hawaelewani sana, zoea hilo.

Rudia siku tatu tofauti kwa kalcha tofauti. Visima vitatu vya siku moja ni rudio moja.

Ona kwa macho

Koloni hazikuonyeshi kama bakteria ishirini wako kwenye seli moja au wamegawanyika kwenye seli ishirini. Kwa hiyo fanya rangi ya nje na ndani. Tumia bakteria wanaowaka kijani kwa protini ya GFP, zigandishe seli kwa kemikali ya paraformaldihaidi asilimia 4 dakika 15, usitoboe seli, weka antibodi ya bakteria na rangi nyekundu. Antibodi haiwezi kuvuka utando, kwa hiyo wa nje wanakuwa kijani na nyekundu pamoja, wa ndani wanabaki kijani tupu. Usigandishe kwa methanoli hapa, inatoboa utando na kila mtu atageuka mwekundu. Hesabu seli angalau mia kwenye maeneo uliyochagua bila kuangalia, na ikiwezekana mwenzio afiche majina ya sampuli. Jicho linapenda kuona kile moyo unakitaka.

Thibitisha kwa pande zote mbili

Kufuta jeni na kuona uwezo umepotea ni upande mmoja. Rudisha jeni mahali pake, uwezo urudi, hapo ndo unajua hukuharibu jeni ya jirani. Upande wa pili ni kumpa uwezo asiyenao, na hapa historia ni nzuri kweli. Mwaka 1985 Ralph Isberg na Stanley Falkow walionyesha kwamba kipande kimoja cha DNA cha Yersinia kikiwekwa kwenye E. coli K-12 kinatosha kumfanya aingie kwenye seli za mamalia. Ndo jeni ya invasini hiyo. Mwaka 1991 intanalini A nayo ikawekwa kwa L. innocua akaanza kuingia, na mwaka 1996 E-kadherini ikatambuliwa kuwa ndo kipokezi chake. Kwa hizi za staili ya zipu unaweza hata kuondoa bakteria kabisa, ukapaka protini safi kwenye vishanga vya lateksi, vishanga vikaingia. Sijui ushahidi ulio msafi kuliko huo, hakuna kitu kingine juu ya kishanga cha kulaumiwa. Kwa wanaotumia sindano usitegemee hili, kishanga hakiwezi kudunga.

Kwa kipokezi fanya hivo hivo. Ziba kwa antibodi, ifute jeni yake kwenye seli, kisha iweke kwenye seli isiyokuwa nayo uone kama inaanza kupokea.

Ndani ya seli uso bado unafanya kazi

Watu wengi wanafunga daftari bakteria akishaingia, na mimi naona hapo ndo patamu. Listeria akitoboa kifuko na kutoka kwenye saitoplazimu, juu yake kuna ActA, imekaa zaidi upande mmoja, inavuta Arp2/3, protini za seli zinazoanzisha nyuzi za aktini, na kujenga mkia wa aktini unaomsukuma mbele mpaka anachoma seli ya jirani. Shigella anafanya kazi ile ile kwa protini tofauti kabisa, IcsA, iliyoko kwenye ncha moja, nayo inamvuta N-WASP, protini ya seli inayoiamsha Arp2/3. Kuona ni rahisi, tia rangi ya faloidini inayoshika aktini, baada ya masaa kama manne au matano utaona mikia kama ya kimondo. Mutanti aliyeingia vizuri ila hana mkia, kosa lake liko kwenye uso wa ncha, sio wa mlango.

Seli nayo inausoma huo uso. Kwa bakteria wa Gram hasi waliofika kwenye saitoplazimu, protini inayoitwa GBP1 inajipaka juu ya LPS na kuita kimeng'enya kaspesi 4, seli inaamua kufa na kupiga kelele ya uvimbe. Mwaka 2021 ikaonyeshwa kwamba kimeng'enya RNF213 kinaweza kupachika ubikwitini kwenye mafuta yenyewe ya LPS ya Salmonella, wakati wengi tulizoea kuijua ubikwitini kama alama ya kuwekwa kwenye protini. Riketsia, bakteria wengine wanaoishi ndani ya seli, wanajikinga na alama za namna hii kwa OmpB, protini iliyowafunika karibu mwili mzima. Kwa hiyo ukiona mutanti anaingia sawa na mzima kwenye saa moja ila saa nane ameisha, usiseme haraka kwamba hawezi kukua, tia rangi ya ubikwitini kwanza uone kama amekamatwa.

Kwa wasioota kwenye agari

Chlamydia huwezi kumhesabu kwa koloni, anaishi ndani ya seli tu. Hapo unaambukiza seli, unasubiri siku moja hadi mbili, unatia rangi vifuko vyake, unahesabu vifuko kama ambavyo ungehesabu koloni. Jua tu kwamba ana sura mbili. Ile inayoingia ni ndogo, kama maikromita 0.3, na protini za uso wake zimefungwa pamoja kwa madaraja ya salfa. Ile inayozaliana ndani ni kubwa zaidi, kama maikromita moja, madaraja yamefunguka na haina uwezo wa kuambukiza. Ukivuna mapema sana unavuna sura isiyoambukiza, na hesabu inaonekana mbovu bila mutanti yeyote kuhusika. Madaraja yenyewe yanafunguliwa na vitu kama DTT, kwa hiyo kagua bafa zako zote kabla hazijamgusa. Kipimo cha kwanza cha kushika kwa C. trachomatis ni heparini: iweke pamoja na bakteria, na kama anashika kupitia heparani salfeti ya seli idadi ya vifuko itashuka kadiri unavyoongeza dozi. Anza na dozi tano tofauti, na kisima kimoja usiweke heparini kabisa.